Mikunjo ya Sketi ya Babu Yake

Naftali hakuwa na pasipoti, maana ilikuwa kwenye droo ya meneja. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala kimo cha kutisha wezi, wala ndugu yeyote Dubai. Subira, ambayo mlinzi hulipwa kwa ajili yake, nayo hakuwa nayo.

Alilinda mlango wa mgahawa wa Kigiriki kule mtaa wa Al Garhoud. Kila Machi, sikukuu ya taifa lao, meneja Thanasis alitundika ukutani vazi la babu yake: kizibao kilichotariziwa, viatu vyenye vishada, na sketi nyeupe ya kiume yenye mikunjo mia nne. Aliwaeleza wageni kwamba kila mkunjo ni mwaka mmoja ambao Wagiriki walitawaliwa na Waturuki, na kwamba wanaume wa sketi hizo ndio waliopigana wakawa huru.

"Mzee, ivae wewe, miguu unayo," mlinzi mwenzake Pius alimtania. Naftali hakucheka. Maneno yale ya meneja kuhusu mikunjo yalikuwa yamemwingia.

Mwaka 2014 vazi lilipelekwa kwa Joweria, dobi kutoka Uganda, alisafishe. Kwao Iganga, kanzu ya sherehe ikibaki na mkunjo ni kumdharau mwenye kanzu. Basi kwa heshima zote alishinda na pasi asubuhi nzima, akaifungua mikunjo yote, sketi ikalala kama shuka.

Thanasis alipoiona hakuuliza kitu. Alimzaba Joweria kofi, akamburuta kwa mtandio, akanyakua pasi na kuukandamiza nayo mkono wake mezani. Naftali alikuja mbio akifuata yowe. Harufu ya nyama inayoungua ikampokea mlangoni. Alimkaba meneja shingo. Thanasis alimpasua mdomo kwa pasi, naye Naftali akamtwanga kichwa usoni, kisha tena, mpaka mfupa wa pua ukalia. Damu ya wote wawili ilimwagikia ile sketi kabla wapishi hawajawatenganisha.

Jioni Thanasis, pua imefungwa bandeji, aliweka pasipoti mezani. Wapishi walikuwa wamepiga simu ofisi ya kazi, nayo ilitaka maelezo ya shahidi kwa barua.

"Andika kwamba pasi ilimteleza Joweria mwenyewe," alisema. "Kesho uko kwenu. Ukikataa, nawaambia polisi ulinivamia, unalala ndani. Khalas."

Joweria, aliyesimama kando mkono umezungushiwa kitambaa, alimnong'oneza Naftali: "Chukua, mzee wangu. Una watoto."

Naftali aliitazama pasipoti, miaka sita hajaishika.

"Sir, ile mikunjo ulisema ni ya nini?"

Thanasis aliisukuma pasipoti karibu naye.

"Basi na mimi ninayo yangu. Ni sita."

Aliandika kilichotokea, hata vile vichwa alivyopiga. Aliiacha pasipoti pale pale mezani, akatia barua kwenye bahasha ya ofisi ya kazi, akalamba gundi yake kwa mdomo uliopasuka, akaifunga, akavuka barabara na kuitumbukiza katika sanduku la posta.