Miwani Moja kwa Darasa Zima

Samaki mkunje angali mkavu. Hao wabichi waachieni walimu wa watoto. Mimi niliwafundisha waliokwisha kukauka, nao walikunjika. Fundi baiskeli, muuza mkaa, mama wa mayai. Na mama mdogo wangu, mfagiaji wa hospitali, aliyetaka jambo moja tu: asome mwenyewe ujumbe wa bintiye aliyeko ng'ambo, majirani wasijue siri zao.

Tulisomea katika stoo nyuma ya karakana, jioni baada ya kazi. Macho ya wanafunzi wangu yalikuwa yamechoka kabla herufi hazijafika, na miwani ya kusomea tulikuwa nayo moja. Ilizunguka pua hadi pua.

"Lete bwana, hiyo miwani hujaioa!" muuza mkaa alimpigia kelele fundi baiskeli.

"Ngoja nimalize sentensi. Huyu angalau hanigombezi."

Ndivyo mama mdogo alivyosoma ujumbe wake wa kwanza, kidole kikitambaa juu ya kioo cha simu, machozi yakikilowesha.

Kisha akaja mtathmini kupima ubora wa darasa. Likifaulu liendelee, likishindwa lifungwe. Akaniambia nisubiri nje. Ndani akatangaza: hakuna kuongea, hakuna kupeana kitu chochote. Miwani ikabaki usoni kwa fundi baiskeli, mstari wa mbele. Wengine wakakodolea macho karatasi zilizojaa ukungu. Watu wazima wale, waliozoea kuwatii wenye kalamu, hakuna aliyefungua kinywa.

Akafaulu fundi peke yake.

"Hawajui kusoma," mtathmini aliniambia mlangoni, mbele yao wote.

Waliponieleza kilichotokea, nilimsihi arudie mtihani, kila mtu apewe zamu ya miwani. Akasema utaratibu ni utaratibu. Hapo nikamwita kipofu, tena kwa sauti iliyofika barabarani.

Stoo ikafungwa. Ningeweza kuvumilia hilo. Lakini jana mama mdogo alinijia na simu mkononi.

"Nisomee, mwanangu."

"Mama mdogo, si unasoma mwenyewe? Miwani hii hapa, vaa."

"Aa, nilikuwa najidanganya tu. Waliosoma wamenipima, wakaona sijui. Soma wewe."

Nikasoma. Bintiye alimwandikia mambo ya ndoa yake, yale ambayo mtoto humwambia mama peke yake, nami nikayatamka neno kwa neno. Mama mdogo aliinamisha uso kama aliyevuliwa nguo. Nilipomaliza alinishukuru. Heri angenipiga.

Leo mratibu wa madarasa amenipigia simu. Nikimwomba radhi mtathmini, huenda nikapewa darasa jingine.

"Neno moja tu, dada. Ulimi hauna mfupa."

"Amwendee kwanza mama mdogo, amwambie kwamba anajua kusoma."

"Akimwambia, utaomba radhi?"

"Hapana. Hata akimwambia, siombi."