Filomena Mwenye Mkia

Monica alipomleta nyumbani yule mbwa jike, mweupe, mdogo kama mto wa kochi, sie majirani tulidhani atamwita Prinsesi au Kwini, kama mbwa wenzie wa kule karibu na lami. Kumbe tumepitwa. Monica ni karani wa benki na fasheni haimpiti, akatueleza kwamba majina hayo siku hizi ni ya kishamba. Mbwa wa watu wanaojielewa anapewa jina la bibi kizee, lile la zamani la kubatiziwa na padri mwenye ndevu. Majina ya kung'aa wamebaki nayo watoto. Binti yake mwenyewe anaitwa Hope.

Shida ikawa kupata jina lisilo na mwenyewe. Alianza na Yuliana, akakumbushwa kwamba Yuliana ndiye mwenyekiti wa jumuiya na wiki hiyo sala ilikuwa hapohapo kwa Monica. Akajaribu Mwamvita, na Mwamvita mwenyewe, muuza vitumbua, akaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta, akataka kujua kama anaitwa au anatukanwa. Ndipo Monica akaliokota Filomena huko kwenye simu yake. Mtaa mzima hatuna Filomena. Akawa analirudiarudia huku kafumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Jina lina hadhi hili," alisema. "Ningelijua mapema, hata Hope ningemwita hivyo."

Mumewe, Brightson, alikuwa barazani anasikia. Akakohoa, akaomba apewe chumvi, na chakula chenyewe kilikuwa hakijaiva.

Brightson alilijua jina hilo vizuri kwa sababu ni la mama yake mzazi. Monica hakulijua, na wala msimlaumu. Tangu aolewe, mkwewe anaitwa Mama Brightson na kila mtu; kwenye simu kamwandika Mama Mkwe. Mkwe unamuulizaje jina la ubatizo, unataka kumfanyia nini? Hope alipozaliwa, mama huyo alimvuta mwanawe pembeni palepale hospitalini, akamwomba kitu kimoja tu: mtoto abebe jina lake. Wenzie wote aliotoka nao Masasi walishapata masomo, yaani wajukuu wa kuitwa kama wao, kasoro yeye. Brightson akamjibu kwa upole kwamba jina lile limezeeka, mtoto atachekwa shule. Kwa mkewe hakugusia kitu. Mama akasema sawa, akarudi kwake Chamazi, na habari ile hakuitaja tena.

Sasa mwanaume ilimbidi ama amwambie mkewe ukweli, ama ahakikishe mama hakanyagi huku kwetu Mbezi. Ukweli ukamshinda. Kila Jumapili akawa anakwenda Chamazi mwenyewe na mifuko ya matunda, nyama na sabuni, ili mama asipate sababu ya kutoka. Kule wakamsifu mpaka kanisani kwamba kijana huyu anajua kulea mzazi. Naye akapokea sifa zote, hakurudisha hata moja.

Mama alikuja Pasaka bila taarifa, na jogoo kwapani. Monica alimpokea geti likiwa wazi, akapiga goti, wakaamkiana vizuri kabisa. Kisha mbwa akachomoka nyuma ya nyumba, moja kwa moja kwa jogoo.

"Filomena, we Filomena," Monica alifoka, "huna adabu hata kidogo?"

"Abee," mama mkwe akaitikia.

Monica akacheka, akamweleza kwamba anayefokewa ni mbwa. Na kwa kuwa hana ubaya moyoni, akaongeza kwamba jina ni la zamani lakini zuri ajabu, na amelichagua mwenyewe. Mama alimtazama yule mbwa. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye ghafla alikuwa na kazi nzito kwenye tangi la maji.

"Brightson," alisema. "Si uliniambia limezeeka?"

Ikabidi Monica aelezwe, na aliyeeleza alikuwa mama, maana Brightson alikuwa bado kalikumbatia tangi. Monica hakupiga kelele. Alimtazama tu mumewe, na sie tuliokuwa ukutani kwa bahati mbaya tulitamani apige kelele tuondoke salama. Akapiga goti tena, akaahidi kulibadilisha jina leo hii, mbwa aitwe Lulu, aitwe chochote.

Mama akakataa. Alikwishamnyanyua mbwa na kumpakata.

"Liache, mwanangu. Wewe ulilipenda hata hujanijua. Huyu mumeo kanijua, akalionea aibu." Akamgeukia mwanawe. "Ila wewe sikukuzaa uje uniite kwa jina kavu. Ukimwita somo wangu, umwite kama unavyopaswa kuniita mimi."

Ndiyo maana jioni, mbwa akiwa amejilaza juu ya lundo letu la mchanga wa ujenzi, utamwona Brightson katoka getini na tai yake shingoni. Dirishani Monica kasogeza pazia, simu iko sikioni, Chamazi wanasikiliza. Brightson anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Sie tunajifanya tunafagia.

"Shikamoo, Mama Filomena," anasema. "Tunaomba uje ule."

Filomena hana haraka. Anajikuna sikio kwanza.