Mama Mkwe wa Kitanda cha Tatu

Kiangazi kile tulilala behewani. Lilikuwa behewa kuukuu la treni, limeng'olewa magurudumu na kuwekwa nyuma ya jiko la hoteli, upande ambao wageni hawafiki. Lilikuwa na vitanda vitatu, birika la umeme, dirisha moja linalofunguka na jingine lililokataa katakata. Ukisimama mlangoni uliona kipande cha ziwa Issyk-Kul, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia mashuka.

Mimi nilikuwa mfuaji. Mwenzangu Begimai alisafisha vyumba. Alikuwa msichana wa watu, mume wake yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, naye ameachwa kwa wakwe huko Kochkor, milimani. Katika nyumba ile mkaza mwana ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, kichwa chake hakikai wazi, na chai ya kila mtu inapita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila siku aliyoingia behewani alivua kitambaa, akajitupa kitandani, akaegemeza miguu ukutani na kuniuliza, "Dada Nurzat, hapa chai anapika nani?"

"Anayeitaka."

Alicheka mpaka chaga zikalia.

Tukaishi kama masultani. Tulikula tikiti maji tukiwa tumejilaza, tukasukana nywele, tukawaiga wageni wanavyoomba taulo. Kisha mwoka mikate wa hoteli akateleza na kuvunjika mkono. Begimai, katika maongezi yake ya simu na nyumbani, akaitaja habari hiyo hivi hivi tu, kama mtu anavyotaja mvua. Hakujua anajichimbia shimo.

Siku mbili baadaye mlango ukafunguliwa, na Nurdin, msimamizi wetu, akaingiza godoro la pamba lililokunjwa. "Mwoka mikate mpya," akasema. Nyuma ya godoro alikuwa Sairakul, mama mkwe wake Begimai, kashika mti wa kusukumia chapati kama rungu.

Begimai alikuwa kichwa wazi, kaptura, miguu ukutani, mdomo umejaa mbegu za alizeti. Aliruka. Kitambaa hakukiona, akanyakua foronya akajifunika kichwani.

"Keti, keti," akasema Sairakul. "Kwani mimi mkaguzi?"

Lakini nani angeketi? Mwoka mikate huamka nyota zingali juu. Begimai akaanza kuamka kabla yake, achemshe maji, amwekee chai na jamu ya aprikoti, asimame pembeni mpaka bakuli la chai liishe. Mama mkwe alikunywa kimya. Mimi nilijifunika shuka gubigubi nikajifanya maiti. Mchana Begimai alisukuma ndoo akiyumba kama mlevi.

Haikuchukua muda. Daktari mmoja wa meno kutoka Almaty, mtu mnene mpole, alirudi chumbani kutoka ufukweni akamkuta Begimai amelala fofofo kitandani kwake, amekumbatia mto. Yule bwana hakumwamsha. Alikwenda kukaa barazani, akangoja. Bahati mbaya, mke wake hakuwa na upole huo, na sauti yake tuliisikia mpaka kwenye mashine za kufulia.

Nilipofika, Nurdin alikuwa ameshatoa hukumu. "Funga vitu vyako, Begimai."

Mara Sairakul akatokea jikoni, unga mpaka viwikoni. "Ukimfukuza huyu, kesho mkate utaoka wewe."

"Mama, amelala kwenye kitanda cha mgeni."

"Amelala kwa sababu yangu. Anaamka kunipikia chai. Na chai yenyewe siitaki. Alfajiri tumbo langu halipokei kitu."

Begimai, aliyekuwa akilia, akainua uso. "Huitaki?"

"Mwanangu, naimeza kama dawa. Umeipika, ningeikataaje?"

Nurdin akatutazama mmoja mmoja. Akasema jambo hilo lisirudiwe, akaondoka upesi kabla hajapewa unga akande.

Jioni ile Sairakul alikaa kitandani kwake, akafungua kitambaa chake mwenyewe. Chini yake palikuwa na msuko mwembamba, mweupe. Begimai akaangalia sakafu.

"Nisikilizeni," akasema Sairakul. "Nyumbani ni nyumbani, mambo yake tutayakuta huko huko. Humu ndani mimi ni mfanyakazi na wewe ni mfanyakazi. Niite Sairakul."

Kwetu jina la mkwe halitamkwi. Hata ukipewa ruhusa, ulimi wenyewe unagoma. Begimai akajaribu, "Sai..." akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni.

"Mwite Fundi," nikasema.

Akawa Fundi. Na huyo Fundi, ndugu zangu, sikuwa nimemwona mtu wa namna ile. Alicheza karata kwa wizi wa wazi kabisa. Alimwiga mke wa daktari mpaka tukashika mbavu. Siku moja akasema, akitazama dari, "Mama mkwe wangu aliishi miaka tisini. Hiki ni kitanda changu cha kwanza ambacho nikikilalia sisikii mtu akiniita kutoka chumba cha pili. Msidhani nilifuata mkate huku."

Siku ya mapumziko tulimpeleka ziwani, nyuma ya matete, mahali pa wafanyakazi. Yeye ni mtu wa milimani. Kwake maji yakipita magoti ni ya samaki. Aliingia na gauni lake lote. Gauni likajaa hewa, likapanda juu, akawa kama hema linaloelea. Begimai akamlaza chali, mikono chini ya mgongo wake.

"Usiniachie."

"Sikuachii, Fundi."

"Begimai, umeniachia?"

"Zamani."

Akapiga kelele mara moja, kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa anaelea. Alielea akitazama milima yenye theluji, vidole vya miguu vimejitokeza majini, na hakutaka kutoka mpaka midomo ikawa ya buluu.

Simu ya video ya mumewe Begimai iliingia tukijikausha. Akaona vichwa viwili, nywele zinatiririka maji, tikiti mkononi. "Begimai, mama yuko wapi? Na huyo aliye pembeni yako ni nani?"

"Mwenzake wa chumbani," akajibu mama yake, akatema mbegu.

Hoteli ilipofungwa mwisho wa kiangazi, nilidhani wataondoka siku ileile. Baba mkwe wake Begimai alipiga simu kuuliza wanarudi lini, wageni bado wapo? Fundi akageuka kutazama ufuko, ambako ng'ombe wawili walikuwa wanakunywa maji.

"Wapo," akasema. "Na hawana dalili ya kuondoka."

Tukabaki watatu siku kadhaa, tukichuma tufaha kwenye shamba la jirani na kulala behewani humohumo, makoti juu ya blanketi, kwa kuwa baridi ilishaanza kushuka.

Gari la kuwarudisha nyumbani lilipokuja, mkubwa ndiye wa kukaa mbele, hilo linajulikana. Lakini Begimai hutapika njiani, akaingia mbele. Fundi akajibana nyuma kati ya magunia ya tufaha, akaanza kumwelekeza dereva namna ya kuendesha kabla hata hajawasha injini. Nilisimama kando ya kamba zangu tupu nikawapungia mpaka walipokata kona, na bado nilikuwa namsikia Fundi.