Mnunuzi Mwenye Maswali Mengi

Mashine ya kuchapia picha ilikata roho mteja akiwa ameshalipia. Ilikoroma, ikatema nusu ya uso wa mtu, paji na macho basi, kisha ikanyamaza. Mama Picha aliipiga kibao cha ubavuni kama alivyozoea, lakini safari hii haikushtuka. Fundi alipoitwa, aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga tena polepole kama anayefunika maiti.

"Hii, mama, tuseme pole tu," alisema.

Studio ile ilifunguliwa na marehemu mumewe, na tangu alipofariki Mama Picha ndiye aliyeiendesha: picha za vitambulisho, za pasi, za watoto wachanga wanaolia kabla hata taa haijawashwa. Bila mashine, wateja walikuwa wanafika mlangoni, wanauliza, wanageuza. Akaona akikaa hivihivi, duka litamfia mikononi.

Basi akageukia kabati la vioo. Humo marehemu alikuwa amepanga kamera zake za zamani, alizokusanya maisha yake yote kama wengine wanavyokusanya madeni. Nyingi zilikuwa za kutazamwa tu. Lakini moja, ndogo, nyeusi, ilikuwa na habari nyingine. Karibu nyingine zote za aina ile zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ya fedha. Nyeusi zilikuwa chache, na wakusanyaji walizitafuta kama dawa. Marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, alimwambia, "Hizo nyingine ni mapambo. Hii ni akiba. Ukibanwa uiuze, na wala usinililie."

Aliyemsaidia kuiweka sokoni ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwana alifanya kazi mbali, kwa hiyo wanawake hao wawili waliishi pamoja, wakipikiana, wakinuniana na kupatana bila mtu wa kuwaamua. Mkwe aliuza katika duka la dawa na simu alikuwa anaijua ndani nje. Aliipiga kamera picha kila upande, akaandika bei waliyoshauriwa na fundi kamera, akaituma kwenye soko la mtandaoni.

Jioni ile ile watu wakaanza. Mmoja alitaka kubadilishana na friji, ambalo alikiri lilikuwa halipoozi. Mwingine aliuliza kama inapiga simu. Wa tatu alitaja bei ambayo Mama Picha aliisoma mara mbili, akidhani sufuri zimedondoka njiani.

Waliobaki wa maana walikuwa wawili.

Wa kwanza hakuwa na salamu. "Nionyeshe namba iliyochongwa chini. Nionyeshe lenzi dhidi ya mwanga, nataka kuona kama ina kuvu. Andika tarehe ya leo kwenye karatasi, iweke kando ya kamera, piga picha." Akijibiwa hili, anakuja na lile. Mwisho akasema hawezi kulipa mpaka aishike kwa mkono wake, na wakutane ndani ya benki, si nje.

"Huyu ananiona mwizi?" Mama Picha alifoka. "Bwana Maswali huyu! Ampelekee mkewe mitihani yake."

Wa pili alikuwa mtu mwingine kabisa. Alijitambulisha kama daktari wa upasuaji, yuko safarini, anamnunulia baba yake zawadi. Kila ujumbe ulianza na "Shikamoo mama yangu mpendwa." Aliuliza afya. Aliposikia kwamba kamera ni ya marehemu, aliandika maneno ya pole marefu hadi Mama Picha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Bei hakuipunguza hata kidogo. Zaidi ya hapo, alisema ataongeza kitu kwa ajili ya usumbufu, na cha kumlipa mtu wa pikipiki atakayekuja kuuchukua mzigo.

"Huyu kalelewa," Mama Picha alisema.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia, ujumbe ukaingia wenye jina la benki: malipo yamepokelewa, yanashikiliwa kwa usalama, yatafunguliwa mara mzigo utakapokabidhiwa kwa msafirishaji. Mama Picha akaupeleka jikoni mbio, mkwe wake akiwa anakunywa chai amesimama, mkoba begani.

Mkwe alisoma, uso ukabadilika. "Mama, kama pesa imetumwa si ingeonekana kwenye salio?"

"Inashikiliwa. Si umesoma?"

"Inashikiliwa na nani? Na kwa nini atoe zaidi ya bei? Wewe uliwahi kuona mnunuzi anayepandisha bei mwenyewe?"

"Wewe kila mtu unamwona mwizi."

"Si kila mtu, mama. Huyu."

Mama Picha aliuma midomo. Moyoni alikuwa na neno ambalo hakulitoa: labda binti huyu alitaka kamera ibaki iwe urithi wa mumewe. Mkwe akatazama saa, akaona kazini anachelewa.

"Basi niahidi hutaitoa mpaka nirudi."

"Leo tule nini jioni?" Mama Picha aliuliza.

Mkwe alisimama kidogo mlangoni, akaguna, akaenda zake.

Mtu wa pikipiki alifika kabla ya mchana, mwanamume mpana mwenye kofia ngumu iliyopasuka upande. Kamera ilikuwa tayari ndani ya boksi, imezungushiwa taulo, juu ya kaunta.

"Nimetumwa mzigo wa Daktari," alisema. "Nauli yangu, ameniambia wewe unayo."

Ni kweli, Daktari alisema hivyo. Lakini droo ilikuwa tupu. Siku hizo ilikuwa inafunguliwa kwa mazoea tu. Mama Picha akawaza atoe katika ile nyongeza, maana kwa hesabu yake mzigo umeshakabidhiwa, pesa zimefunguka.

"Keti hapo, baba, nivuke kwa wakala nikutolee," alisema. Boksi akaliacha palepale kwenye kaunta. Kwani si mali ya Daktari tayari?

Wakala wa kutoa na kuweka pesa alikuwa dada mmoja mnene mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, mchangamfu, hodari wa umbea. Mama Picha alimpa simu kwa maringo kidogo. Dada akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama Picha, humu hamna kitu."

"Tazama vizuri. Imeingia nyingi."

"Salio ni lile lile la juzi uliponunua umeme." Dada akaufungua ujumbe, akausoma kwa sauti ya chini, kisha hakuwa mchangamfu tena. "Huu haujatoka benki. Wameandika jina la benki ndani, lakini namba uliyotokea hii hapa juu, ni ya mtu binafsi. Na ona, hata 'akaunti' wameimeza herufi. Mama, mzigo umeshautoa?"

Mama Picha alimpokonya simu. Aligeuka akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, ndala moja ikabaki katikati ya lami, gari likampigia honi na dereva akamtukana, naye hakusikia.

Studio ilikuwa tupu.

Kiti cha wateja kilikuwa kitupu, pazia la bluu la nyuma limetulia. Juu ya kaunta hapakuwa na boksi. Pale lilipokuwa palibaki mkasi na kipande cha gundi ya karatasi. Mama Picha alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Hakulia. Alichokiona ni uso wa marehemu pale kitandani, na kilichomchoma ni kwamba uso wenyewe haukuwa na hasira.

Halafu akasikia kikohozi cha pikipiki, karibu, upande wa uchochoro.

Alitoka mguu mmoja una ndala, mmoja hauna. Lori la saruji lilikuwa limeingiza matako kwenye duka la vifaa vya ujenzi la jirani, na mtu wa pikipiki alikuwa ameisogeza pikipiki yake kulipisha njia. Kwapani alikuwa amebana boksi.

"Nipe!" Mama Picha alipiga kelele. "Nipe kitu changu!"

Mtu yule alishtuka, akalinyoosha boksi kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto wa watu. "Chukua, mama, chukua! Lori limetaka kupita. Nawe duka umeliacha wazi, mtu angeingia akabeba. Nimeona bora nitembee nalo."

Mama Picha alilipokea, akalikumbatia, akaketi palepale kwenye ngazi ya uchochoro. Alilifungua, akaondoa taulo. Ilikuwamo, ndogo na nyeusi, imetulia tu. Ndipo machozi yalipotoka.

Aliposimulia, mtu wa pikipiki alivua kofia ngumu, akajikuna. "Mimi hata simjui. Kanipigia simu asubuhi, kasema nichukue mzigo hapa, nimpe mtu mwenye kofia nyekundu pale stendi ya mabasi. Nauli nitapewa na wewe. Ngoja."

Akapiga namba ya Daktari, akafungua spika.

"Umeuchukua?" sauti iliuliza. Haikuwa na shikamoo wala mama mpendwa.

"Mama anasema pesa haijaingia."

"Achana na huyo bibi! Chukua mzigo uondoke!"

"Na nauli yangu nani analipa, Daktari?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haipatikani. Walitazamana, mama mwenye ndala moja na mtu wa pikipiki ambaye safari yake imekwenda bure, na Mama Picha akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na kwikwi mpaka wapakuaji wa saruji wakageuka.

"Huyo anafanya upasuaji wa mifuko," mtu wa pikipiki alisema.

Mama Picha alimpa maji ya baridi, akamwomba radhi kwa kumpigia kelele za mwizi. Yeye akasema amewahi kuitwa mabaya zaidi, akampa namba ya yule tapeli ili wairipoti, akaondoka.

Jioni, mkwe aliporudi, alikuta chakula anachokipenda kimeshaiva. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

"Mama, umefanya nini?"

Mama Picha alimwambia yote, bila kuruka hata ile ndala. Alikuwa amejiandaa kusikia "nilikwambia". Mkwe akaweka kijiko chini.

"Kamera iko wapi?"

"Chini ya mto wangu."

Mkwe alishusha pumzi ndefu, akaegemeza kichwa begani kwa mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Namshukuru Mungu," alisema. "Mchana kutwa nilikuwa nawapimia watu dawa, mawazo yote yako huku. Nilifikiri, nikimkatalia sana ataona nautaka urithi."

Mama Picha alikohoa. "Hata haikunijia."

"Mama."

"Ilinijia kidogo."

Wakacheka wote wawili. Kisha mkwe akahifadhi ujumbe wote wa Daktari, akauripoti kwa wenye soko, na kesho yake wakaupeleka polisi. Askari aliyewapokea aliandika maelezo kwa makini, akasema kofia nyekundu ile si mara ya kwanza kuisikia.

Ndipo Mama Picha akampigia Bwana Maswali.

"Mbona ulinyamaza?" sauti nzito ilisema. "Nilishajua tu. Nikasema, huyu tapeli kashindwa majibu."

"Mimi? Tapeli?"

"Nitajuaje? Wangapi wanauza kamera wasiyo nayo, kwa picha ya kuazima? Ndiyo maana nilikuomba ile karatasi yenye tarehe."

Kumbe mtu yule alikuwa amekaa upande wa pili wa simu na hofu ile ile. "Haya," Mama Picha alisema, "leo maswali ni yangu." Akamwambia kamera haitoki mkononi mwake mpaka mhudumu wa benki athibitishe kwamba pesa imo katika akaunti, na kwamba atakuja na mkwe wake.

"Njoo na ukoo mzima," Bwana Maswali alijibu. "Sasa tunaongea."

Alikuwa kizee mfupi, dereva wa treni aliyestaafu, koti limepigwa pasi mpaka likang'aa. Kwenye benchi la benki aliitandika leso, akaipokea kamera juu yake, akaikagua kwa kioo cha kukuzia. Alizungusha pete ya lenzi. Akabonyeza kitufe, akasikiliza mlio wake amefumba macho. Mkwe alikuwa amekaa ubavuni kwake, karibu sana, kama askari magereza.

"Imetunzwa," kizee alisema hatimaye, na sauti haikuwa nzito tena. "Mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa anawaambia wateja wasipumue," Mama Picha alisema.

Wakaenda dirishani. Kizee alilipa bei waliyokubaliana, wala hakuongeza hata senti, na hilo lilimpendeza Mama Picha kuliko neno lolote tamu alilowahi kuandikiwa. Mhudumu akatazama kompyuta, akatikisa kichwa kukubali.

"Imeingia, mama."

"Imeingia au inashikiliwa?"

"Imeingia. Ukitaka kuitoa yote sasa hivi, utoe."

Hapo mabega ya Mama Picha yalishuka. Hakuwa ametambua kwamba siku zote hizo alikuwa ameyapandisha mpaka masikioni. Aliikabidhi kamera, na mkono wake ukarudi mtupu na mwepesi.

Nje, kizee alitoa mkanda wa filamu mfukoni, akaupachika mwanga ukiwa bado mzuri, akawasimamisha wanawake wale wawili kando ya ukuta mweupe wa benki.

"Nitawaletea nakala," alisema. "Na sasa, tafadhali, msipumue."

Mkwe alijitahidi. Mama Picha alishindwa, akacheka kwa sauti, na kizee akabonyeza.