Eliezeri na Wake Wawili

Loveness alikuwa bado anajisifu dukani kwa Gurdip fundi kompyuta, Kiboriloni, kwa ukurasa wa matangazo ya ndoa aliouandikia usharika wao wa Masama, simu ikaita. Mama yake mdogo, Elisifa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba ya nini! Mwanangu Magreth anaolewa uke wenza?"

"Nani kasema?"

"Tovuti yako! Mama Aminieli, yule mmbeya, ameshalitangaza mpaka kule Mkuu. Wakwe wako njiani na pombe yao ya mbege, na mimi nimefunga geti. Haingii mtu!"

Loveness akafungua ukurasa. Yeye aliweka kila jozi ya wachumba mstari wake: Eliezeri na Magreth, chini yao Primus na Kindness. Lakini kwenye skrini mistari ilikuwa imeungana: "Eliezeri na Magreth Primus na Kindness." Magreth kapewa baba mwingine, Primus, na Eliezeri wa watu, mwimba besi wa kwaya, kapewa wake wawili.

"Lakini kwenye programu nimekata mistari!" akalalamika. "Baada ya kila jozi ya wachumba nimeweka \n."

Gurdip akachungulia, akacheka mpaka kilemba kikacheza. "Dada, hiyo inakata mstari kwenye faili tu. Kivinjari kikiiona, kinaacha kanafasi kadogo, kinaendelea na safari. Ukitaka kishuke chini, kiambie kwa lugha yake: <br>."

"Yaani nimevunja ndoa kwa alama ndogo hivi?"

"Na utaiunga kwa nyingine. Haya, chapa! Wakwe hawasubiri mtandao."

Akaongeza <br>, akapakia, akapiga simu. "Mama mdogo, fungua upya. Ilikosekana br tu."

Kwenye simu, kwa mbali, honi ililia getini.

"Eliezeri na Magreth," Elisifa akasoma polepole, kama anayechambua maharage. "Halafu, huko chini... Primus na Kindness. Eeeh! Magreth, kimbia ukafungue geti! Waambie ufunguo ulipotea."

Jioni Loveness alipofika, nyumba ilikuwa imefurika, mtori wa ndizi unanukia hadi barabarani. Kwenye benchi, Eliezeri alikaa katikati: huku Magreth, huku Kindness, jirani yao, kajibana naye akisimulia kisa cha geti huku wote wanacheka.

Elisifa akatokea jikoni na upawa mkononi, akasimama.

"Loveness! Hebu njoo uweke ile br yako hapa!"