Chuma Hakielei

Vumbi lilikuwa jekundu. Lilikaa kwenye kope, kwenye mkate, kwenye mashuka ya bibi harusi. Na mvua ikinyesha lilishuka majabalini likaipaka bahari wekundu ule ule. Hapa Newfoundland, pwani ya Amerika ya Kaskazini, katika kisiwa cha mawe ya chuma, watu walichimba chini ya sakafu ya bahari yenyewe, na samaki walipita juu ya vichwa vyao.

Azariah Pynn alichimba. Mdogo wake, Heber, alichochea moto wa tanuri katika meli iliyobeba mawe aliyoyachimba kaka yake. Yakivuka salama yangekuwa mizinga ya kumpigia Hitler. Lakini meli ya mawe ya chuma haina huruma: ikitobolewa haielei, haiinami kuaga, inakwenda chini na waliomo.

Asubuhi ile Azariah alikuwa ametoka zamu, uso haujaoshwa. Meli mbili zilikuwa zimetia nanga, zimeshiba, zikingojea manowari za kuzisindikiza kwenye msafara. Nyambizi ya Wajerumani haikungoja. Ilikuwa imeingia ghubani ikajilaza kama mwizi chini ya kitanda.

Kombora la chini ya maji likaipiga meli ya kwanza ubavuni. Bahari ikasimama wima, nyekundu, halafu ikaanguka. Pale palipokuwa na meli pakabaki mbao, mvuke, na vichwa vya watu.

Makasia, Azariah, makasia. Alirukia mashua iliyokuwa ufukoni akaivuta peke yake mpaka viganja vikachanika, na hakwenda kwa waliokuwa wakizama. Nasema bila kumpamba: alikwenda kwa damu yake. Meli ya Heber ilikuwa bado nzima, naye alijua kombora la pili halikosi kufuata.

Heber alikuwa ameegemea ukingo wa sitaha, kifua wazi, mweusi kwa makaa, meno nje. Akamuuliza kaka yake kama mama ndiye aliyemtuma na chai.

"Shuka, Heber. Ruka sasa hivi, mdogo wangu, utani baadaye."

Heber akatazama majini. Mtu mmoja alikuwa akipiga kelele, mikono imebabuliwa na mvuke, ngozi inaning'inia kama soksi. Utani ukamtoka usoni.

"Kaka, wale wanakufa. Mimi bado mkavu. Wachukue wale, halafu uje unichukue mimi."

Ewe bahari, ulisikia. Azariah alimtukana, akamtukana tena, akageuza mashua. Makasia, Azariah, makasia. Aliwavuta watu kwa nywele, kwa mkanda, kwa chochote kilichoshikika. Mmoja alimfia magotini akiita jina la mwanamke. Mashua ilikuwa imejaa alipoinua uso kumtazama mdogo wake.

Akauona mstari mweupe majini, umenyooka, una haraka.

Hakuwahi hata kuita. Mlio ulimpiga kifuani, vipande vya chuma vikanyesha, na mgeni aliyekaa mbele yake akakosa nusu ya uso. Meli ikapasuka katikati, ikazama kabla moshi wake haujapanda. Alizunguka pale akiita Heber, Heber, damu imemfika vifundoni, mpaka wale wageni wakamnyang'anya makasia wakavuta wenyewe. Ufukoni mama yake alikuwa ameshasimama na blanketi. Aliwatazama mmoja mmoja wakishuka, akamfunika aliyekuwa karibu, akakaa chini kwenye changarawe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasemavyo watu. Uongo. Hapa alichimba mmoja akaingia mwingine, na hasira ya jambo hilo haina pa kwenda.

Jumatatu filimbi ya mgodi ililia kama kawaida. Vita vilitaka mawe. Azariah akashuka ile njia ndefu ya giza, taa kipajini, akapita chini ya ufuko, chini ya nanga, mpaka mahali alipopajua. Akainua sururu, mkono ukagoma. Watu huwazika ndugu zao wakasimama juu yao. Yeye ndugu yake alikuwa juu ya dari, na kutoka darini maji yalidondoka, ya baridi, ya chumvi, yakamwangukia usoni. Hakuyafuta.