Taa Yenye Jina Zima

Mtaa wetu wote wa mjini Tainan ulijua ugomvi wa Bibi Hsu na tovuti ya hekalu. Kila akiandika jina lake ili apate taa ya mwaka mpya, ile inayotundikwa hekaluni ikiwa na jina la mtu, jina lake la ukoo linatoka madoa matupu. Na fundi wa taa alikuwa anakuja kesho yake kuchukua majina.

"Marehemu mume wangu alibeba matofali ya hekalu hili," alimfokea Shu-fen, aliyeandika programu ya tovuti. "Leo mimi ni doa?"

Sisi tuliokuwa tukinywa supu ya samaki kwenye kibanda kando ya hekalu tukadakia. "Aongeze mkwaju wa nyuma, kile kistari kilicholalia nyuma, baada ya jina! Akina Hsu wote ndivyo wafanyavyo."

"Mtu hapachikwi mkia ndipo aitwe jina lake," alijibu Shu-fen, akavuta kiti na bakuli lake la supu.

Akatueleza kuwa kompyuta zetu huhifadhi herufi moja ya Kichina ya jina Hsu kwa vipande viwili, na cha pili ni sawasawa na mkwaju wa nyuma. Programu yake huifuta mikwaju hiyo ikidhani imewekwa tu kukinga alama zinazoweza kuivuruga, kumbe inamkata Hsu nusu. Sasa ilibidi isome herufi nzima kwanza.

Akarekebisha, akajaribu: madoa. Akarudia. Supu yake ikapoa, hakuigusa.

"Haya, bibi, andika."

Bibi Hsu akaandika kwa kidole kimoja. Jina likatoka zima. Shu-fen akainua bakuli lake.

"Weka chini hilo," akasema Bibi Hsu. "Ukoo mzima bado haujaandikwa."